Ngazi ya Mushagalusa

Kadutu, juu ya soko,
Bukavu,
tarehe 17 mwezi wa kumi na moja, 2023

Kwa dada yangu mupendwa Mwanvita, huko Kigoma,

Mimi Atumani, mutoto wa Salehe, niko na miaka sabini na sita, na meno yangu ya mbele yote iko. Nimezika bibi wawili wa ndoa. Nimezika lori mbili. Mamluki wa mwaka wa sitini na saba niliwaona wakiingia hapa Bukavu, na niliwaona wakitoka. Pesa za Zaire nilizitumia mpaka zikafa zenyewe mifukoni mwangu. Vita sitaki kuvihesabu. Mwaka wa elfu mbili na nane ardhi ilitetemeka, nyumba za matofali za watu wenye shule ziliketi chini, na hii ya mbao ya baba yetu ilibaki imesimama, na mimi ndani. Hayo yote hayakuniweza. Nimeanza na hii ili ukifika chini ujue kwamba anayelia si mutu muoga.

Assalam aleikum, dada yangu. Je, mguu wako uko namna gani? Abdulhamid, huyu anayekuletea barua, aliniambia unatembea sasa bila fimbo, nikafurahi. Shemeji iko na afya? Na Sifa binti yako, amejifungua salama? Nimeomba salama yenu kila sala. Mimi afya yangu nitakueleza, maana na yenyewe imo ndani ya habari.

Barua hii ninaandika kwa mukono wangu. Unajua shule niliishia darasa la pili, mwalimu alinipiga, nikamurudishia, ikaisha. Mukono wangu ulizoea usukani, haukuzoea kalamu. Nimeanza kuandika tangu juzi. Wajukuu walitaka kunisaidia nikawafukuza. Ungesema kwa nini sikupiga telefone. Telefone ni ya Akili, mutoto wangu, na ndani ya telefone ndimo mulimopita maneno mabaya. Wewe mwenyewe utaona. Neno lako nimeliweka mwisho. Tafadhali usiruke mistari.

Habari ni ya nyumba ya baba. Wanataka kuiuza, na mimi niko ndani.

Mvua ya mwaka huu imeanza na hasira. Chumba changu, kile alichofia mama, kilikuwa kinavuja sawasawa juu ya kitanda. Nilisukuma kitanda upande wa dirisha, maji yakanifuata. Nilikisukuma kwenye mulango, yakanifuata tena. Nilimuambia Akili tangu mvua za mwaka jana. Akaniambia, "Papa, ngoja, nitaleta fundi." Nikangoja. Mvua zikapita, zingine zikaja. Nikamuambia tena. "Papa, ngoja kidogo, tunapanga mambo." Sikuuliza wanapanga mambo gani. Mutoto anafanya kazi kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu, anavaa kadi shingoni, nikasema acha apange.

Wiki iliyopita malaria ikanishika. Si ile ya kitoto. Ilikuja na kikohozi, na moto wa mwili, na baridi inayoanzia kwenye mifupa. Séraphine, yule infirmière, muuguzi wa dispensaire ya hapa chini, alinitia maji kwa sindano na kusema nilale wiki nzima, nisiguse hata jembe. Nikamuitikia. Kuitikia hakunigharimu kitu.

Basi Jumamosi asubuhi Akili na bibi yake Amisa wakaenda Minova kwenye kilio cha mujomba wa Amisa, wakachukua na watoto. Amisa ni mutoto muzuri, aliniachia uji kwenye termosi, akanifunika blanketi, akasema, "Papa, usitoke kitandani mpaka tutakaporudi kesho." Nikasema ndiyo, mama. Walipopinda kona tu, nikaangalia juu. Tone likaniangukia kwenye jicho.

Dada, hapo ndipo nilisimama.

Nilivaa lile koti langu la zamani la safari za Kamituga. Nilikata mupira wa ndani wa gurudumu, vipande vidogo vya duara kwa wembe, kila musumari na kipande chake chini ya kichwa, ili maji yasipate njia. Hii ni kazi ya shofere. Miaka thelathini nilipeleka lori Kamituga na kulirudisha, kwenye zile njia ambazo hata pikipiki za leo zinakufa, na hakuna kitu kilivunjika kwangu ambacho sikukifunga kwa mupira. Sasa unitajie katika Kadutu yote mutu wa miaka yangu anayeweza kupanda paa na malaria. Nangoja jina.

Nilikosa ngazi tu. Nikaenda kwa Mushagalusa. Wewe ulimuacha kijana, sasa naye ni muzee, amefungua kitambi. Yeye ndiye fundi wa matofali aliyejenga ukuta wa choo chetu. Ninakaa naye ukuta kwa ukuta tangu bibi yangu wa kwanza. Yeye Mukristo, mimi Muisilamu, lakini Idi anakula kwangu, Noeli ninakula kwake. Bibi yangu wa pili alipokufa, ni yeye aliyebaki na mimi barazani mpaka watu wote walipokwisha. Kwa hiyo ngazi yake ni ngazi yangu, sikuwahi kuomba mara mbili.

Siku hiyo niliomba mara mbili.

"Ngazi ya nini, Shofere?" akasema. "Uko mugonjwa. Macho yako ni mekundu kama ya mulevi."

"Paa linavuja."

"Acha livuje. Juu ya nini kujisumbua sasa?"

"Sasa ndiyo mvua. Nitatengeneza wakati wa jua?"

Akakuna shingo, akaangalia pembeni, halafu akaleta ngazi. Nilifikiri ni huruma ya ugonjwa wangu. Mutu unayekula naye humuchunguzi shingo.

Nikapanda. Yeye akashika chini. Manjanja ya paa, haya mabati, yalikuwa ya baridi na yenye kuteleza, na mimi jasho linanitoka huku meno yanagongana. Mushagalusa akapiga kelele toka chini:

"Shuka, Shofere! Unatetemeka kama pikipiki ya Kamituga!"

"Ninatetemeka kwa faida," nikamujibu. "Ninanyanyua nyundo mara moja, inapiga mara mbili."

Akacheka, lakini cheko lake lilikuwa fupi. Kisha akaanza tena. "Hii manjanja imezeeka, unapoteza misumari yako. Juu ya nini kazi yote hii?"

"Wewe leo umekula nini? Juu ya nini, juu ya nini. Shika ngazi."

Nilitengeneza upande wa barabara wote. Eulalie, yule maman anayekaanga mandazi kwenye kona, aliniona na kushika kichwa. "Papa Atumani! Unataka tuje kwenye kilio chako kesho?" Nikamuambia aniwekee mandazi ya moto, kilio changu bado. Nikavuka juu ya mgongo wa paa, nikaenda upande wa nyuma, ule unaoangalia jikoni na muti wa avoka. Kule ndiko tundu kubwa lilikuwa. Mushagalusa akahamisha ngazi akaiegemeza kwa nyuma, akaishika tena. Nikalala kwa tumbo juu ya bati ili niingize mukono chini yake. Mutu aliye chini uani hakuweza kunijua ni nani, aliona koti na kofia tu.

Nikiwa vile, nikasikia watu wanaingia uani kwa kichochoro cha nyuma, bila kupiga hodi.

Walikuwa wawili. Mumoja nilijua sauti yake, ni Aganze, yule komisioneri anayetafutia watu nyumba na parsele, yaani viwanja, mwenye viatu vya ncha kama mudomo wa ndege. Wa pili alikuwa kijana wa kifua kipana, saa kubwa mukononi. Baadaye nilijua jina lake ni Destin, anafanya biashara ya dhahabu Kamituga.

Aganze alisalimia, "Papa Mushagalusa, uko hapa! Vizuri sana. Huyu ndiye jirani wa mupaka, ameshatia sahihi yake ya ushahidi." Halafu akaanza kuonyesha kwa kidole. "Mupaka unatoka kwenye huu muti wa avoka mpaka kule kwenye jiwe. Nyumba utabomoa, utasimamisha ukuta wa mawe, utapandisha etaji, gorofa juu ya gorofa. Ziwa utaliona lote."

"Na muzee mwenyewe?" kijana akauliza.

"Muzee ni mugonjwa, amelala ndani. Mwisho wa mwezi mutoto wake anamupeleka kule kijijini Miti. Ameshapata kiwanja kule, kuna hewa nzuri."

"Amekubali?"

"Wazee wanakubalika pole pole."

Dada, niliandika hilo neno kwenye moyo wangu. Wazee wanakubalika pole pole, kama maharagwe.

Kijana akasema, "Mimi sinunui parsele ya machozi. Nilishanunua moja, niliishi kwenye tribinali, mbele ya majaji."

"Hapa hakuna machozi. Mutoto amekubali. Na kuna shangazi mumoja huko Kigoma, ndiye mwenye haki pamoja na muzee, naye amekubali. Nilikuwa mbele ya Akili, telefone iko wazi, nikasikia kwa masikio yangu. Alisema ndiyo, fanyeni."

Nyundo ilikuwa mukononi mwangu. Niliisahau. Moto wa malaria ulinitoka wote, nikawa baridi kabisa. Halafu kikohozi kikaja, nikaking'ata, nikaking'ata, kikatoka.

"Nani huyo?" kijana akaangalia juu.

Na Aganze, hata hakuinua kichwa vizuri: "Fundi tu."

"Anatengeneza paa la nyumba tunayobomoa?" Wakacheka wote wawili.

Sasa sikia vizuri. Mushagalusa alikuwa ameshika ngazi. Alikuwa karibu nao kuliko mimi na hii karatasi. Nilingoja aseme. Ni maneno machache tu: huyo si fundi, huyo ni Atumani, mwenye nyumba. Nilingoja. Aliangalia ngazi, akaanza kukwangua udongo kwenye ngazi kwa ukucha. Mutu tuliyekula pamoja miaka yote hiyo aliniacha niitwe fundi juu ya paa la baba yangu.

Nikasimama. Nikasimama wima juu ya bati, na koti, na kofia, na nyundo.

"Ni mimi mugonjwa!" nikapiga kelele. "Ni mimi muzee anayekubalika pole pole! Pandeni basi munikubalishe!"

Aganze akarudi nyuma, akakanyaga sufuria ya Amisa. Kijana hakukimbia. Alitoa kofia.

"Samahani, papa. Wewe ni nani?"

"Atumani wa Salehe. Nimezaliwa ndani ya nyumba hii unayotaka kubomoa."

"Atumani shofere? Wa lori ya bluu ya Kamituga?"

"Kulikuwa na mwingine?"

Akasema baba yake alikuwa anahadithia habari yangu, kwamba daraja lilichukuliwa na maji, mimi nikavusha watu na mizigo kwa kamba, hata kuku mumoja hakupotea. Dada, baba yake simukumbuki, niliwabeba wengi. Lakini nilisema ninamukumbuka. Na ile ya kamba ni kweli.

Halafu huyo kijana, mutu baki, nisiyemujua, akaniuliza neno ambalo hakuna hata mumoja wenu aliniuliza.

"Papa, wewe unakubali?"

"Hapana."

"Basi mimi sikufika hapa," akasema. Akavaa kofia, akaniaga kwa heshima, akatoka. Aganze akamufuata mbio akiomba amusikilize, na alipofika kwenye kichochoro akanigeukia na kusema wanunuzi wako wengi, si huyu tu. Hilo pia ni kweli, ndiyo maana ninakuandikia.

Tulibaki mimi juu na Mushagalusa chini.

"Ulitia sahihi?" nikamuuliza.

"Akili aliniomba. Ni kama mutoto wangu. Alisema mulima unashuka, alisema utakufa humu..."

"Ninauliza, ulitia sahihi?"

"Nilitia."

"Na asubuhi ulinisalimia."

"Nilikusalimia, Shofere. Ningefanya nini?"

Akaachia ngazi yake. Hakuichukua. Akapita kwenye tundu la ua wetu, lile tulilolifungua sisi wenyewe ili bibi zetu waazimane chumvi, akaingia kwake na kufunga mulango. Mchana kweupe.

Unafikiri nilishuka? Nilikuwa na misumari mukononi. Nikalala tena kwa tumbo, nikamaliza. Tundu kubwa nililifunga kwa kitambaa na lami, juu yake bati nyingine, kila musumari na mupira wake. Nilikuwa nakohoa na kupigilia, nakohoa na kupigilia. Machozi yalinitoka, lakini ni ya malaria, malaria inaumiza macho.

Nikashuka peke yangu bila mutu wa kushika. Halafu nikaivuta ngazi ya Mushagalusa, nikaiingiza ndani, nikaisukuma chini ya kitanda changu. Ni ndefu, inatokeza mpaka mulangoni, Amisa anajikwaa kila asubuhi. Itakaa pale. Akitoa jina lake kwenye ushahidi, atapata ngazi.

Sasa ninakuambia kitu kitakachokuumiza. Unajua huku kwetu familia ikigombana, mumoja anatoka anaandika ukutani kwamba nyumba haiuzwi, ili munuzi asome barabarani na kukimbia. Siku zote niliwadharau watu hao. Nilikuwa nikipita na lori nikisoma kuta zao, nikisema, angalia watu wasio na haya, wametoa mashuka yao nje. Kwa marehemu Mulumba kule chini iko mpaka leo, rangi nyekundu. Na mimi Jumamosi ile, na homa yangu, nilichukua mafuta machafu ya gari tuliyobakisha tulipopaka mbao, nikachukua brashi, nikatoka mbele ya nyumba, upande wa barabara, nikaandika: PARSELE HII HAIUZWI.

Ilinichukua muda. Herufi zilikuwa zinaniponyoka. Eulalie aliacha mafuta yake yakaungua, akaja kusimama nyuma yangu, akisoma kila herufi kwa sauti kama mutoto wa shule. "Papa Atumani, maandishi yanashuka mulima!"

"Acha yashuke."

"Ni nani anauza? Si Akili?"

Nikachovya brashi. Hakuniuliza tena. Alinipa mandazi kwenye karatasi, nikayatia mufukoni mwa koti. Watu walipita na kusoma. Wengine walipunguza mwendo, wengine walijifanya hawakuona. Baba yetu aliheshimiwa barabara hii nzima, hata wauza samaki walimusimamia. Ni mimi niliyetoa mashuka yake nje, kwa mukono wangu. Hilo deni la aibu nimemuandikia Akili, na nimemuandikia Mushagalusa, na nimekuandikia na wewe.

Jumapili walirudi. Nilisikia miguu ya watoto ikisimama mbele ya ukuta. Akili aliingia na begi bado begani.

"Papa, umeniandika mwizi barabarani."

"Sikuandika jina."

"Kila mutu analijua jina!"

"Wamelijua wapi? Mimi mwenyewe nilikuwa silijui mpaka jana."

Akakaa chini. Akaniambia habari ya mulima. Kwamba ule ufa nyuma ya jikoni mwaka jana ulikuwa unaingiza kidole na sasa unaingiza mukono wake mpaka kiwiko. Kwamba nyumba tatu za chini yetu zilishuka mvua za mwaka jana, na mama mumoja hakuonekana mpaka siku ya pili. Hayo ninayajua, nilikwenda kuchimba mimi pia. Kwamba Miti amepata kiwanja cha tambarare karibu na kazi yake, chumba changu ndicho cha kwanza kwenye mchoro. Alilia, dada. Mutu mzima na kadi yake shingoni.

Nikamuuliza, "Juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesema hapana."

"Kumbe jibu langu ulikuwa nalo," nikamuambia. "Ulilijua, ukaliruka."

Amisa alikuwa mulangoni, amejifunika uso kwa kitenge. "Papa, mimi nilimuambia akuulize," akasema. Ninamuamini. Uji ule ulikuwa na sukari nyingi.

Mvua ikaanza palepale. Ilikuja na upepo wa ziwa, ikapiga bati mpaka hatukusikiana. Amisa kwa mazoea akakimbia na beseni, akaliweka juu ya kitanda changu. Tukalitazama beseni wote. Watoto nao wakaingia kutazama. Mvua ilinyesha mpaka ikachoka, na beseni lilibaki kavu kama sahani ya mfungo. Nikamuangalia Akili. Nilitaka aseme tu, papa, wewe ni mwanaume.

Akasema, pole pole, "Papa, paa haliko na shida. Kinachoshuka ni chini."

Hilo neno lilinikaa, sikatai. Sikulala vizuri, ingawa nililala pakavu.

Sasa wewe, Mwanvita.

Siku ya arobaini ya mama, ukiwa unafunga mizigo ya kurudi Kigoma, ulisimama pale kwenye kizingiti cha chumba chake, hicho ninacholala. Mimi nilisema tugawe haki yako, uende nayo. Uliniambia, "Yaya, kaka yangu, haki yangu iache ikulaze. Mpaka pumzi yako ya mwisho sitaigusa." Ulikuwa na kanga ya kijani. Nilikwenda kulia kwenye lori ili usinione. Neno hilo ndilo limenilaza humu miaka yote. Watu wakiniambia, muzee, nyumba ya mirathi ina matata, ninawaambia mimi sina matata, mimi nina dada.

Halafu ninalala juu ya bati ninasikia mutu wa viatu vya ncha anasema dada yangu amesema ndiyo, fanyeni.

Akili ni mutoto, anaogopa. Mushagalusa ni muoga wa zamani, anajua kujificha nyuma ya mutu. Wewe sijui nikuweke wapi. Nimejaribu kukuweka mahali pazuri. Nimesema labda walikuambia kwamba mimi nimekubali, kwamba ni mimi niliyetaka Miti. Kama ni hivyo, basi ulidanganywa sawa na mimi, na tuko pamoja tena. Kama ni hivyo niambie haraka, sababu ninaumia kuliko malaria. Lakini kama ulijua kwamba mimi sijui, basi uliniuza ukiwa na neno lako bado kwenye kizingiti changu, na malaria yote niliyougua haikunifanya hivyo.

Unajua kwamba bila neno lako hawawezi kuuza. Chefu wa avenyu, mukubwa wa barabara yetu, alipita, akasoma ukuta, akasema yeye hagongi muhuri wowote mpaka wenye haki wawili waseme kwa kinywa kimoja. Wawili ni mimi na wewe. Kwa hiyo nyumba haiko mukononi mwa Akili tena, wala wa Aganze. Iko kinywani mwako. Abdulhamid anayekuletea hii barua atakaa Kigoma akinunua vitenge, halafu atarudi kwa njia ya Uvira. Mupe jibu mbele ya macho yake, si kwa telefone. Sema: nilisema ndiyo nikijua, au nilisema ndiyo nikidanganywa. Na useme sasa unasemaje.

Sikuombi unifiche ufa. Ufa uko. Jana nilikwenda mwenyewe nikaingiza mukono wangu, na mimi mukono wangu ni murefu kuliko wa Akili, nikagusa maji. Kama munataka nitoke, njoo. Vuka ziwa la kwenu, kaa kwenye kiti cha baba, Akili akae hapa, hata Mushagalusa nitamuachia nafasi mulangoni, na muniulize. Labda nitasema hapana tena. Labda nitasema kitu kingine, mimi pia sikijui bado. Lakini hamutanihamisha kama kabati. Hata huo mulima, kama unataka kunichukua, ungoje tumalize kuongea.

Unisalimie shemeji, umuambie ile redio aliyonipa bado inaongea. Umubusu Sifa na mutoto wake muchanga, uniandikie jina lake. Watoto wa hapa wanakusalimu, Amisa anakusalimu sana. Akili pia anakusalimu, ingawa hajaniambia. Mungu akulinde na mguu wako, akupe usingizi mzuri, na akufungulie ulimi wakati Abdulhamid atakapokuwa amekaa mbele yako.

Ni mimi yaya yako, ninayekupenda hata nikikukasirikia,
Atumani wa Salehe

Usije ukasema muzee ameota kwa homa. Homa uliza Séraphine, yeye ndiye aliyenipima, na alinifokea Jumatatu mpaka wagonjwa wengine wakacheka. Kupanda paa uliza Eulalie. Maneno ya kijana Destin, muulize mwenyewe ukipata mutu wa Kamituga, hatakana. Na yale ya Aganze, neno kwa neno, na lile la kwamba mimi ni fundi tu, uliza Mushagalusa. Alikuwa pale, alisikia yote. Yeye kutia sahihi ya ushahidi anajua.